Linux Nne za Dada

Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, kwa sababu bisibisi haikumtoka nyuma ya sikio, pale ambapo seremala huweka penseli. Chumba chake cha kutengenezea kompyuta kilibanwa kati ya fundi nguo na kinyozi. Kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na rafu iliyojaa mashine zilizosuswa na wenyewe. Kiti kimoja, nasema, na hicho alikikalia yeye. Mteja alisimama.

Alikuwa fundi mzuri, nisimnyime haki yake. Kompyuta iliyotangazwa kufa kwingine, kwake ilipata siku nyingine za kuishi. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alijua, na alijua kwamba anajua. Ukimletea mashine nzee iliyokuwa inajivuta kama ina mimba ya mapacha, hakukwambia ununue mpya. Alikuwekea Linux, na kabla hujauliza Linux ni kitu gani, alikuwa ameshaanza somo.

"Linux ni ukoo, si mtu," alikuwa akisema. "Mzizi mmoja, watoto wengi. Kila kundi la mafundi limeuchukua mzizi ule ule, likaujengea nyumba yake, likaipa jina lake. Wewe kazi yako ni kuchagua nyumba ya kukaa."

Mteja akiuliza basi achague ipi, Bisibisi alichekea puani na kumchagulia. Kumuuliza huyo mtu anafanya kazi gani, na anaifanyaje, hakukumjia akilini.

Alikuwa na dada aliyemzidi miaka tisa. Hospitalini walimwita Mama Deki, maana kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyepiga deki wodi tatu, ukumbi na stoo. Stoo ile ya mashuka, sabuni na glovu aliijua kuliko mtunza stoo mwenyewe, mzee mpole ambaye kila alipoombwa kitu aliita, "Mama Deki! Mashuka ya wodi ya watoto tuliyaweka wapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye ndoo, "Rafu ya tatu, nyuma ya mablanketi." Yalikuwa pale kweli. Hata hivyo funguo hazikuwa zake. Kila asubuhi alisimama mlangoni na ndoo yake, akimsubiri mwenye funguo.

Mzee yule akafikia kustaafu, na tangazo likabandikwa ukutani. Anayetaka nafasi aje mbele ya jopo, aingize orodha ya stoo kwenye kompyuta, aihifadhi, aichapishe. Chini kabisa waliongeza kwamba mashine za ofisi zinatumia Linux, kwa Kiswahili. Linux ipi, hawakusema. Majaribio yangekuwa Jumatatu, wiki tatu mbele. Katika miaka yake yote kumi na tisa, Mama Deki hakuwahi kuona nafasi ile ikitangazwa, na miguu yake ilikuwa imeanza kumwambia kwamba sakafu haitamngoja atangaziwe nyingine.

Alifika kwa mdogo wake saa tisa alasiri, sare bado mwilini, akasimama kama wateja wengine.

"Mdogo wangu, kompyuta naiweza mimi?"

"Dada, hata mtoto anaiweza."

"Sijakuuliza habari za mtoto. Nimekuuliza mimi."

Bisibisi akaona aibu kidogo, maana huyu si mtu wa kujibiwa ovyo. Mama yao alipougua, dada ndiye aliyeacha shule darasa la sita akabaki nyumbani. Yeye ndiye aliyemfundisha Bisibisi kusoma, mkekani, kwa daftari lake la zamani. Mtoto akikosea neno, dada hakumsahihisha wala kumkemea. Alikaa kando yake tu, kidole kimetulia chini ya mstari, mpaka kosa lionekane lenyewe. Bisibisi alipenda kuwaambia watu kwamba dada ndiye aliyemfundisha kusoma. Namna alivyomfundisha ndiyo aliyoisahau.

"Unaiweza, Dada," alisema. "Niachie mimi."

Akateremsha laptop moja nzito kutoka rafuni, akaipuliza vumbi, akaiwekea Linux anayoipenda yeye mwenyewe, iitwayo Arch. Hiyo, kwa asiyejua, ni nyumba ambayo hupewi nyumba. Unapewa matofali, ujenge. Bisibisi alimjengea dada yake kwa mapenzi yote: kioo cheusi, hakuna picha, hakuna vitufe vya kubofya, kila jambo ni kwa kubonyeza herufi mbili tatu kwa pamoja. Akamwandikia na karatasi ya maelekezo, mbele na nyuma.

"Ukiizoea hii, nyingine zote utaziona mchezo."

Baada ya siku tatu alimpigia simu. "Dada, inakwendaje?"

"Nzuri."

"Umeshaandika nini?"

"Bado tunatazamana."

Fundi nguo wa jirani, aliyesikia yote kwa kuwa ukuta wenyewe ni bati, alipaza sauti bila kusimamisha cherehani. "Bwana wewe, mwanafunzi wa siku ya kwanza unampa suti akate? Mpe foronya!"

Ukweli huuma hata ukitoka upande wa pili wa bati. Bisibisi akairudisha ile laptop, akakubali kutafuta Linux ya anayeanza. Akachagua Fedora, akaipanga vizuri, picha kubwa, herufi kubwa. Na kwa kuwa dada alisoma Kiswahili vizuri ila Kiingereza kilimpiga chenga, akafanya jambo moja la ziada. Aliketi siku nzima akiandika kwa mkono wake mwenyewe maneno ya vitufe vyote ambavyo dada angevihitaji. Fungua. Hifadhi. Chapisha. Futa. Pipa la Takataka. Akayatazama kama mama anavyomtazama mwanawe siku ya picha ya shule. Maneno mafupi, safi, ya watu. Nani angekosea hapo?

Dada alifurahi kweli. Siku hiyo, mezani kwake dirishani, aliandika mistari arobaini ya mashuka na mablanketi kwa vidole viwili. Kesho yake alasiri akapiga simu.

"Mdogo wangu, imesahau."

"Imesahau nini?"

"Yote. Nimefungua, hakuna kitu. Peupe."

"Ulihifadhi?"

"Nilihifadhi."

"Ulizima vizuri?"

"Nilihifadhi, nikafanya usafi, nikazima vizuri."

"Vyema, vumbi ni adui wa kompyuta," alisema Bisibisi, na papo hapo akaamua kwamba kosa ni la mfumo.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Aliing'oa Fedora, akaweka Ubuntu, jina ambalo, alimweleza dada, maana yake ni utu. Yale maneno yake mazuri aliyahamishia humo, neno kwa neno, yasipotee. Dada akaanza upya kutoka shuka la kwanza. Siku nzima, mistari sabini. Kesho yake, peupe.

"Huyu mwenye utu naye amesahau," alisema dada kwenye simu, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Bisibisi akabadilisha diski, akabadilisha waya wa umeme. Akasoma kwenye intaneti mabishano ya watu wasiojuana kuhusu ipi inamfaa anayeanza. Wa kwanza anasema hii, wa pili anasema wa kwanza hana akili, wa tatu anawatukana wote wawili. Mwishowe akashika Mint, kwa kuwa kitufe chake cha menyu kiko chini kushoto, mahali ambapo jicho la mgeni huenda lenyewe. Maneno yake akayahamishia humo pia. Dada akaanza shuka la kwanza kwa mara ya tatu. Zikabaki siku nne kabla ya Jumatatu.

Alhamisi, peupe.

Jumamosi alasiri Bisibisi alikwenda kwa dada yake, mfukoni ana flashi yenye Linux ya tano. Alimkuta mezani, daftari la stoo liko wazi kando, miwani imemteremkia puani. Alikuwa ameanza tena bila kuambiwa.

"Dada, nimekuja na nyingine."

Hakugeuka. "Mimi nimechoka kusahauliwa. Nikikosa Jumatatu, nitarudi kwenye ndoo yangu. Ndoo hainisahau."

Kichwani mwa Bisibisi, tangu utotoni, dada alikuwa mtu asiyeshindwa kitu, na sasa alikuwa anashindwa na kitu ambacho mdogo wake alikiita mchezo wa watoto. Jambo hilo lilimwuma, na lilimwuma zaidi kujua kwamba ni yeye aliyempeleka hapo.

"Basi nipishe niiweke hii haraka," alisema, akitoa flashi.

"Ngoja nimalize hizi glovu. Kazi haiachwi katikati."

Ndivyo ilivyotokea kwamba fundi aliyezoea kunyang'anya watu kompyuta mikononi alikosa la kufanya. Kiti kilikuwa kimoja, na dada alikuwa amekikalia. Akaona ndoo pembeni, ile ya nyumbani, akaigeuza chini juu, akaikalia. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, alimwangalia dada yake akifanya kazi.

Aliandika polepole, lakini hakukosea. Kila mstari aliulinganisha na daftari, midomo ikicheza. Glovu zikaisha. Akapeleka mshale kwenye Hifadhi, akabofya. Sawa kabisa. Akafunga ukurasa. Sawa. Bisibisi akawa anatikisa kichwa, tayari kuutukana mfumo wa nne.

Kisha dada akaenda kwenye folda, palipokaa ile orodha yake, akaishika, akabofya Futa.

Mashine ikauliza: Una uhakika unataka kufuta?

"Swali gani hilo," alinong'ona dada, akabofya Ndiyo.

Halafu akalifungua Pipa la Takataka, akalimwaga lote. Akachukua kitambaa, akakipitisha juu ya vitufe mara mbili, akakikunja, akashusha pumzi kama mtu aliyefunga siku yake vizuri.

Bisibisi alikwisha fungua mdomo ili apige kelele. Lakini alikuwa amekaa chini, chini kabisa karibu na sakafu, na dada yuko juu yake na daftari wazi, na kitu fulani katika kukaa vile kilimrudisha mkekani, kwenye kidole kisichosema. Akafunga mdomo. Alipoufungua tena, aliuliza taratibu.

"Dada, hapo mwisho umefanya nini?"

"Usafi."

"Usafi wa nini?"

Dada akamtazama kwa mshangao, kama ameulizwa maji hutiwa wapi. "Wewe si umeniandikia hapa, Hifadhi? Nikishahifadhi, vitu viko kabatini. Juu ya meza panabaki uchafu wa kazi. Nafuta. Takataka nazo haziachwi zilale, namwaga. Miaka kumi na tisa sijaacha pipa limejaa. Wewe ungeacha?"

Bisibisi alianza kucheka, na cheko likageuka kuwa kitu kingine, akalazimika kuinama na kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Neno alilichagua mwenyewe. Alilisifu mwenyewe. Kisha akalibeba kutoka Linux hadi Linux, kama mtu anayehama nyumba kila wiki kwa sababu ya panya, na panya yumo ndani ya kapu lake la nguo. Mifumo mitatu aliitupia lawama, na yote mitatu ilikuwa imetii kama ilivyoagizwa, na mwagizaji alikuwa mfanya usafi hodari kuliko wote hospitalini.

"Dada, hukukosea," alisema. "Sikiliza vizuri. Hukukosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuandikia neno la kwako kwenye kazi isiyokuwa ya kwako. Hapa kufuta si kupangusa meza. Hapa kufuta ni kulichoma kabati na vitu vyake ndani."

Dada akakitazama kile kitufe. Polepole macho yake yakaenda kwenye daftari, kwenye mashuka yote aliyoyaandika mara tatu na nusu. Bisibisi alidhani atalia. Akaanza kucheka badala yake, akacheka mpaka miwani ikamdondoka mapajani.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiikosha kazi yangu mwenyewe ikatakata!"

"Ikatakata, Dada. Hata harufu haikubaki."

"Sasa badilisha hilo neno. Mtu mwingine asije akaponzeka hapo."

"Niandike nini? Ondoa? Tupa?"

"Tupa hapana, kitu kikitupwa huokotwa. Andika Potelea Mbali."

"Dada, hiyo haiandikwi kwenye kompyuta."

"Imekatazwa na nani? Nisomee hilo swali lake kwa neno langu."

Bisibisi akasoma. "Una uhakika unataka ipotelee mbali?"

"Umeona? Hapo hata mimi ningeuondoa mkono."

Akaandika hivyo hivyo. Flashi ya Linux ya tano ikarudi mfukoni bila kutumika. Jumapili asubuhi mpaka adhuhuri dada aliandika orodha yote kwa mara ya nne na nusu, kama alivyohesabu mwenyewe, na Bisibisi alikaa juu ya ndoo bila kugusa kitu. Kabla hajaondoka alimwonya jambo moja: ofisini kitufe hicho kitakuwa bado kinaitwa Futa, naye asikiguse, hata pawe na uchafu namna gani.

Jumatatu Bisibisi alifungua chumba chake kama kawaida, lakini kazi hakufanya. Alifungua mashine moja, akaifunga, akaifungua tena. Fundi nguo akamwambia kupitia bati, "Skrubu hiyo utaimaliza meno, mwache dada wa watu afanye mtihani wake." Ikagonga saa sita. Ikagonga saa nane. Saa tisa alasiri dada akatokea mlangoni, sare mwilini, ndoo hana.

"Haya, ilikuwaje?"

"Kompyuta yao haifanani na yetu hata moja. Menyu iko juu, rangi nyingine, picha nyingine. Kulikuwa na kijana mmoja wa nje ya hospitali, ana vyeti vya kompyuta viwili, amevaa tai. Alivyokaa tu akaanza kukitafuta kitufe chini kushoto. Hakipo. Akatafuta, akatafuta, jasho likamtoka. Akasema mashine mbovu."

"Na wewe?"

"Mimi umenihamisha nyumba nne ndani ya wiki tatu, nitishwe na ya tano? Nikasema moyoni, aha, huyu kahama tena. Nikatafuta Hifadhi imekaa wapi leo. Nikaiona. Nikachapisha. Karatasi ikatoka."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa, mikono mapajani, nimeibana. Yule bibi wa jopo akaniuliza, mama, umemaliza? Nikasema nimemaliza. Akasema mbona umejikunja hivyo? Nikamwambia, najizuia."

Fundi nguo alisikika upande wa pili akipigapiga meza yake kwa kicheko. Bisibisi hakucheka. Alikuwa anangoja.

"Walipotoka kujadiliana nikachukua leso yangu, nikaipangusa meza yao. Ile ya mbao. Ilikuwa na vumbi, ningefanyaje? Wakarudi wakanikuta nafuta." Akaingiza mkono mfukoni, akaweka juu ya meza ya mdogo wake, katikati ya skrubu na nyaya, fungu la funguo sita kwenye kamba ya bluu. "Kesho wote watanisubiri mimi mlangoni."

Bisibisi alizishika zile funguo, akazigeuza, akazirudisha. Kisha akakimbilia kwenye ufundi, kama kawaida yake.

"Basi nipe ile laptop niiwekee mfumo kama wa ofisini, nyumbani na kazini pafanane."

"Iache hiyo hiyo iliyomo."

"Mint? Hiyo ndiyo umeiona rahisi kuliko nyingine?"

"Rahisi sijui. Mimi si fundi." Dada akaziokota funguo zake. "Lakini kwenye hiyo ndipo ulipokaa nami."

Ndipo Bisibisi alipotambua kwamba muda wote huo dada alikuwa amesimama, na miguu ile ilikuwa imesimama miaka kumi na tisa. Akainuka, akampa kiti chake, naye dada akakaa bila kubishana, akanyoosha miguu chini ya meza.

Siku iliyofuata fundi nguo alishangaa kuona kiti cha pili kinaingizwa kwa jirani yake. Kikawekwa mbele ya meza, mahali ambapo wateja husimama. Mteja wa kwanza siku hiyo, mama mmoja muuza vitambaa mwenye laptop iliyochoka, alisikia habari za ukoo wa Linux kidogo tu, akauliza lile swali la siku zote: sasa yeye achague ipi?

"Bado sijui, mama," alisema Bisibisi. Akamsogezea kiti. "Kaa hapo, fanya kazi yako kama unavyoifanya kila siku. Mimi nipo tu."